Dawa ya Maua

Ukumbi wa Bi. Rwamba. Majina tumeyabadilisha kwa ombi la mwandishi.

Kwako Bi. Rwamba,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwa sababu sebuleni amelala mume wangu na siwezi kumtazama na kuandika haya kwa wakati mmoja, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na kama huna msaada basi soma tu mpaka mwisho ili kuwe na mtu mwingine mmoja duniani anayejua, maana nimechoka kujua peke yangu.

Mimi ni mwanamke wa Embu, nimeolewa na mtu wa Meru, kwao ni Igembe karibu na mji wa Maua, lakini tumeishi hapa mtaa wa Majimbo, Embu, tangu tuoane na binti yetu Kanana alizaliwa hapa. Mume wangu nitamwita Kailemia. Ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na kanisani huimba besi, au niseme alikuwa akiimba, bado sijazoea kulisema hilo "alikuwa", likinitoka mdomoni nageuka kuangalia kama amesikia.

Mwaka jana tulienda kwao kwa mazishi ya mjomba wake, akashikwa na kizunguzungu hapo hapo kaburini, ndugu yake Thuranira akamkimbiza kliniki moja ya huko Maua, wakampima wakakuta presha iko juu sana, wakampa tembe aina mbili na kumwambia hizi ni za kila siku kama chakula, usiache hata ukijisikia mzima. Tuliporudi Embu aliendelea kununua zile zile katika duka la dawa mjini, akazimeza vizuri tu, na nyumbani tukaziita dawa ya Maua kwa sababu ndiko zilikotoka. Likumbuke hilo neno, Bi. Rwamba, maana ndilo lililotumaliza.

Sasa nafika kwenye aibu. Zile tembe zilimvimbisha miguu, hilo tungelivumilia, lakini na mambo ya chumbani yakafa, akaanza kulala akinipa mgongo akisema kazi imemchosha, nami nikajua si kazi, na yeye akajua kwamba najua, na hakuna kati yetu aliyeweza kulitaja, achilia mbali kumtajia daktari. Mimi bado si mzee. Sikumwambia mtu ila Winrose, mwenzangu wa ushirika wa akina mama kanisani, akanivuta kando baada ya ibada akaninong'oneza, "Mama Kanana, hizo tembe za hospitali ndizo zinamaliza wanaume wetu. Mpe maua. Ni natural kabisa, hakuna mtu amewahi kudhurika na maua."

Maua yenyewe ni haibiskasi, yale mekundu ambayo wengine huita rosela, yamekaushwa yakasagwa yakajazwa ndani ya kapsuli na kutiwa kwenye chupa yenye picha ya moyo unaotabasamu. Mimi nilifika kidato cha nne, si mtu wa kuuziwa chochote tu, nikamuuliza kama kuna ushahidi, akanitumia kwa simu picha ya ukurasa wa utafiti, Kiingereza kigumu, kuna majedwali, kuna jina la chuo kikuu, na pale katikati amezungushia wino mwekundu maneno yanayosema kwamba waliopewa haibiskasi presha yao ilishuka kuliko wenzao waliopewa kitu cha kuigiza dawa tu. Niliyasoma hayo maneno mpaka nikayashika kwa moyo, nikamsomea mume wangu, akasema, "Kumbe tuko na hospitali hapa kwa geti na kila mwezi naikata na panga!" maana ua wetu ni wa haibiskasi, akacheka ile sauti yake ya besi mpaka sahani zikaitikia kabatini.

Alianza kwa kumeza vyote pamoja, tembe na kapsuli, na tulipopita duka la dawa kupimwa presha ilikuwa imeshuka vizuri, tukasema ni maua, akaacha tembe moja, halafu akaacha ya pili, miguu ikapungua, na chumbani sitasema mengi ila tukawa mume na mke tena, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya Winrose mbele ya akina mama wote, nikasimama kabisa nikatoa ushuhuda. Na jina nalo likahama bila sisi kuona, zamani tulisema dawa ya Maua tukimaanisha tembe, sasa tukisema dawa ya maua tunamaanisha kapsuli, tukaona ni mzaha mzuri, hata kubadilisha ulimi hakuna haja.

Halafu akajikata mkono na bati, tukaenda kliniki hapa Embu ashonwe, mimi nimeketi karibu naye. Daktari alikuwa msichana mdogo, mchangamfu, akampima na presha pia, akakunja uso. "Mzee, hii iko juu. Kuna dawa unatumia?" Mume wangu akamjibu, "Niko na dawa ya maua, daktari." Msichana akasema, "Ya Maua? Bora isiwe ile ya kutafuna!" na unajua vile watu wa Embu huwatania watu wa Igembe na miraa wanayoitafuna, nesi akacheka, mume wangu akacheka, hata mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi akacheka, na katikati ya kicheko hicho daktari akaandika, akasema, "Sawa, endelea nazo, usiruke hata siku moja. Zikiisha rudi kwa wale walikupatia waone kama wataongeza." Nilijua papo hapo amesikia nini. Nilifungua mdomo. Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, kama mtoto anayemzuia mwenzake asiseme kwa mwalimu, nami nikaufunga. Njiani tulicheka mpaka nikashika mbavu. Tulicheka, Bi. Rwamba. Hicho kicheko ndicho nakisikia nikilala.

Haikupita muda mrefu. Asubuhi moja alikuwa anakunywa chai, nikaona chai inamtoka pembeni mwa mdomo inashuka kwa shati, nikamwambia, "Baba Kanana, unakunywa kama mtoto," nikidhani ananichekesha, maana uso ulikuwa umekaa upande kama wa mtu anayetabasamu, kisha kikombe kikaanguka na mkono wa kulia ukabaki unaning'inia, mkono ule ule wa kushika moto wa kuchomelea.

Hospitalini Thuranira alifika kutoka Maua na mama mkwe, wakasimama upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Daktari akauliza, "Alikuwa kwa dawa ya presha?" Kabla sijajibu Thuranira akasema, "Ndio, anameza za Maua, mimi mwenyewe ndio nilimpeleka." Daktari akanigeukia mimi. "Alikuwa anazimeza kila siku?" Mama mkwe ananitazama, Thuranira ananitazama, na mimi nikasema ndiyo. Daktari akatikisa kichwa akasema basi zile zimeshindwa, itabidi tumpe zenye nguvu zaidi na tuongeze nyingine juu yake. Akaandikiwa, tukaonyeshwa jinsi ya kumlisha na kumgeuza, tukaruhusiwa kurudi nyumbani.

Nyumbani nampa zote kama zilivyoandikwa. Na maua bado nampa. Najua utaniuliza nina akili gani, lakini Winrose alikuja kumwona, akalia nami kwa dhati, akaniambia aliyepigwa na kiharusi anahitaji maua mara mbili, kwa hiyo nafungua kapsuli namwagia kwenye uji wa wimbi asubuhi na jioni, kwa sababu naogopa kuacha chochote, nikiacha kitu halafu afe nitasemaje. Lakini kila tukimketisha anabadilika rangi anakuwa kama majivu, macho yanapanda juu, na jana alizimia kabisa mikononi mwangu, Kanana akapiga mayowe mpaka majirani wakaja.

Na bado sijakuambia lile baya kuliko yote. Hawezi kuongea. Limebaki neno moja tu kinywani mwake, na neno lenyewe ni Maua. Ukimuuliza kama ana njaa, Maua. Kanana akimsalimia akitoka shule, Maua. Mama mkwe kusikia hivyo amelia sana, akasema mwanawe anaita nyumbani, na Jumamosi Thuranira analeta gari kumchukua wakamuuguzie huko, mimi nifuate nikitaka. Miaka yote mama mkwe huniongelesha Kimeru nami namjibu Kiembu, tumesikizana vizuri, lakini sasa akinishika mkono na kuniambia mwanawe anataka kwao, sina lugha ya kumjibu, kwa sababu mimi najua hasemi nyumbani. Chupa nimeificha juu ya kabati nyuma ya jagi la maji. Kila jioni anatazama pale juu, halafu ananitazama mimi machoni, anasema Maua, Maua, na machozi yanamtoka kwa jicho moja tu. Ananishtaki. Katika maneno yote aliyokuwa nayo, Mungu amemwachia lile moja la kunishtaki.

Je, niseme? Nikisema, watu wa Igembe watasema mwanamke wa Embu alimlisha ndugu yao maua mpaka akapooza, watamchukua yeye na Kanana pia, na kanisani nitapita wapi, mimi niliyetoa ushuhuda. Nisiposema, nabaki nikimfungulia kapsuli kwenye uji na kumtazama akizimia. Na ule utafiti, Bi. Rwamba, ulikuwa uongo? Niliusoma kwa macho yangu. Au ni mimi nimemuua mume wangu akiwa bado anapumua? Sina usingizi, sina sala, hata wimbo wa kanisani siwezi kuimba jikoni, nikianza nangojea besi, na haiji.

Ni mimi,
Aliyenyamaza, Majimbo, Embu

BI. RWAMBA ANAJIBU

Mama Kanana,

Nimekupigia kwa nambari uliyoandika nyuma ya bahasha. Simu imeita mpaka ikakatika, nikapiga tena, ikakatika tena. Ndiyo maana nakujibu hapa, na nimemsihi mhariri aipitishe barua yako mbele ya ile ya bwana wa Kiritiri anayegombana na mkewe juu ya mbuzi. Mbuzi watangoja.

Machozi yako nayo yangoje kidogo. Kapsuli usimpe tena, hata moja. Usiseme umalizie zilizobaki. Tembe za hospitali usiziache wala usizipunguze kwa akili yako mwenyewe, maana akili hiyo ndiyo iliyowafikisha hapo. Tia kwenye mfuko ile chupa pamoja na pakiti zote za tembe, umpeleke hospitali leo. Nimesema leo, usiniambie siku ya kliniki ni Jumanne. Mtu anayegeuka majivu kila akiketishwa na kuzimia mikononi mwa mkewe huenda presha yake sasa inashuka kupita kiasi, na ubongo ambao juzi tu umeumizwa na kiharusi hauwezi kukaa bila damu ya kutosha. Akizimia tena mlaze, usimtie kitu mdomoni, mwite jirani mwenye gari.

Unaona kilichotokea? Daktari wa wodini anapigana na adui ambaye hakuwepo. Uliposema ndiyo, aliamini kwamba tembe za mwanzo zimeshindwa kazi, akaleta zenye nguvu zaidi. Hazikushindwa. Hazikumezwa. Na wewe juu ya hizo kali unamwaga maua kwenye uji. Kila anayemtibu mume wako anamtibu mtu mwingine, na wewe peke yako ndiye unayemjua mgonjwa wa kweli. Sasa unafikiri una haki ya kuendelea kunyamaza?

Umeuliza kama ule utafiti ulikuwa uongo. Nimeuulizia kwa mfamasia ninayemwamini na kwa daktari mmoja ambaye hapendi nimtaje, na jibu lao halitakufurahisha: si uongo. Ingekuwa rahisi kama ungekuwa uongo, tungemtukana Winrose tukalala. Wapo watafiti waliowapa watu haibiskasi, wengi wao kama chai, wengine kama unga au kapsuli, na presha ikashuka kiasi, zaidi kwa wale ambao ilikuwa juu. Hayo ndiyo aliyoyazungushia wino. Ambayo hakuyazungushia ni haya: tafiti nyingi kati ya hizo zilikuwa na watu wachache, zilidumu wiki chache tu, kila moja ilikuwa na kipimo chake, na majibu yake hayafanani. Hakuna aliyewafuata watu wale miaka na mikaka aone kama maua yanazuia kiharusi. Tembe za presha zimefuatiliwa hivyo, kwa watu maelfu kwa maelfu. Kushusha namba kwenye mashine ni jambo moja, na kumkinga mtu asipooze ni jingine, nawe ulinunua la kwanza ukidhani umeuziwa la pili.

Tena, kilichopimwa na watafiti si lazima kiwe ndicho kilichomo katika chupa yako. Chupa hizi hazikaguliwi kama dawa zinavyokaguliwa. Ndani inaweza kuwa na maua mengi, machache, au vumbi la kitu kingine kabisa, na ule moyo unaotabasamu hautakuambia. Yakichanganywa na dawa za presha yanaweza kuisukuma chini zaidi ya alivyokusudia daktari, na bado wanachunguza kama yanaingilia jinsi mwili unavyozitumia baadhi ya dawa. Ndiyo sababu daktari anapouliza unatumia nini, anamaanisha na majani, na mizizi, na chai ya shangazi.

Na hesabu yenu ya dukani ilikuwa mbovu, dada yangu. Presha iliposhuka alikuwa anameza vyote. Watu wawili walisukuma gari, nyinyi mkampongeza aliyekuja mwisho na kumfukuza aliyekuwa akisukuma tangu asubuhi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nawe uliacha mbachao ukatoa na ushuhuda.

Kuhusu chumbani, nitakukaripia na sitaona haya. Jambo hilo lilitaka dakika moja tu ya aibu mbele ya daktari. Baadhi ya dawa za presha huweza kuleta shida hiyo, presha yenyewe pia huileta, na zipo dawa nyingine za kubadilishiwa. Wanaume wangapi hapa Embu na Meru wameacha tembe zao kimya kimya kwa sababu hiyo hiyo, na wake zao wanajua, na wote wawili wanamdanganya daktari? Nawaambia na wao wanaosoma hapa, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenu kimebisha hodi na bado mnaficha.

Umeniuliza kama ni wewe uliyemuua. Sitakwambia huna kosa. Unalo. Ulijua pale kliniki ukafunga mdomo, ukasema ndiyo wodini. Lakini aliyekukanyaga mguu ni mtu mzima mwenye akili zake, na mwili ulikuwa wake, na aliamua kuuchezea kamari. Yule daktari msichana naye alitania mahali alipopaswa kusema nionyeshe hizo dawa. Herufi kubwa haisikiki mdomoni. Mji na maua vilitoka kinywani mwa mume wako vikiwa na sauti moja, kila mtu akachukua alichotaka, na mlikuwa wachangamfu wote. Kama angemeza tembe zake, je, kiharusi kisingekuja? Huenda kisingekuja. Huenda kingekuja vile vile. Hakuna daktari wala mchungaji atakayekujibu hilo, na utazeeka nalo. Pole sana. Mkono ule huenda usirudi kushika moto, na besi huenda usiisikie tena katika nyumba hiyo. Nimetafuta neno tamu zaidi la kukuandikia hapa na sikulipata.

Hata hivyo mtu huyo yu hai leo, na leo ndiyo siku uliyo nayo. Ukifika hospitali wakakuuliza alikuwa akitumia dawa gani, usitaje jina lolote. Majina yameshawamaliza. Weka chupa mezani, uweke na pakiti, useme hii alimeza, hizi aliziacha, na bado nampa hii. Kwisha. Daktari atakasirika, nawe utatazama chini, kisha ataanza kumtibu mume wako badala ya yule mtu wa kwenye faili.

Thuranira mpigie ukiwa njiani, mwambie akukute hospitalini, umweleze daktari akiwa amesimama hapo hapo, si sebuleni kwako mkiwa wawili na hasira ya tatu. Safari ya Jumamosi ataamua daktari, si mwenye gari. Barabara ya kutoka Embu mpaka Maua si ya kumpitisha mtu anayezimia akiketishwa. Mama mkwe mwambie mwenyewe, kwa Kiembu, polepole, ukiwa umemshika mikono. Atapiga kelele, labda atakutamkia maneno mazito. Mwache. Amezaa mtoto akamsikia akiimba, na sasa hamsikii. Habari ya kukunyang'anya Kanana ni hofu yako inayoongea. Akitokea wa kujaribu, nenda kwa chifu na ofisi ya watoto, utasikilizwa, maana mama hanyang'anywi mtoto kwa kusema kweli.

Winrose usimpigie kelele. Mwite aje siku mume wako anapoinuliwa kitandani, asimame aone. Na ule ushuhuda ulioutoa kanisani, siku moja utasimama pale pale uutoe upya. Sio Jumapili hii. Lakini wapo akina mama waliokwenda nyumbani wakiwa wameamini mdomo wako, na chupa ziko makabatini mwao.

Limebaki neno lenyewe. Mama mkwe anasikia nyumbani. Wewe unasikia mashtaka. Daktari niliyemuuliza ameniambia kwamba kiharusi kikigonga mahali pa maneno, wakati mwingine humwachia mtu neno moja tu, naye hulitumia kwa kila kitu, kwa njaa, kwa baridi, kwa geuza mto, kwa asante. Kichwani mwake huenda anaona amesema sentensi nzima, anashangaa mbona hamsikii. Binti yake akimsalimia anamjibu Maua. Je, na Kanana anashtakiwa?

Isome tena barua yako, uliandika wewe mwenyewe. Umesema kila jioni anatazama juu ya kabati, halafu anakutazama machoni, anasema Maua, analia. Na umesema chupa umeificha nyuma ya jagi la maji. Mama Kanana, kitu kilichofichwa nyuma ya jagi hakionekani kutoka kitandani. Kinachoonekana ni jagi.

Mwinue kichwa kama ulivyoonyeshwa hospitali, umpe maji kwa kijiko, kidogo kidogo, kisha muondoke kwenda hospitali. Labda jioni zote hizo mume wako alikuwa na kiu.